Udupi, kwa watawa wa Krishna: mgeni anaingiaje?

Binti wa Ujiji: Wadau, mwezi ujao namsindikiza mama matibabu India, tutafikia mji wa Manipal. Mji wa Udupi nasikia ni pua na mdomo na hapo. Mgeni anaingiaje kwenye ile nyumba ya watawa wa Krishna, mungu wa Wahindu?

Mzee wa Mwanga: Mwanangu, nenda alfajiri. Nilifika nikimuuguza mdogo wangu. Viatu nje, wanaume mashati tunavua. Mwasisi ni Madhva, mwanafalsafa wa Kihindu, karne ya 13. Nyumba 8 za watawa hupokezana ibada, kila moja miaka 2. Krishna humwoni mlangoni, unachungulia kidirisha cha fedha chenye matundu 9. Nilipoinama, joto la taa za mafuta likanipiga usoni. Ndani kasanamu keusi, mkononi upekecho wa kusukia maziwa. Nikamkumbuka bibi na kibuyu chake, machozi yakanitoka. Wanasimulia kwamba mshairi Kanakadasa, mja wa Krishna, alizuiwa kuingia kwa sababu ya tabaka lake, sanamu ikamgeukia, akaiona kupitia ufa wa ukuta. Hapo nilisimama sana.

Binti wa Ujiji: Shikamoo mzee, ahsante. Na chakula?

Mzee wa Mwanga: Marahaba. Bure, mnaketi chini safu kwa safu: wali na mchuzi mwepesi. Dagaa utawakuta Kibirizi, kwetu Kigoma, ukirudi. Mama apone, inshallah.