Mjadala: Je, Liverpool ilikosea kupoteza hadhi ya Urithi wa Dunia kwa ajili ya uwanja wa mpira?

Naomba tulijadili suala hili bila ushabiki wa jezi. Mwaka 2004 UNESCO iliiingiza bandari ya kihistoria ya Liverpool, Uingereza, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwezi Julai 2021 Kamati ya Urithi wa Dunia ikaifuta kwa kura 13 dhidi ya 5, kwa hoja kwamba ujenzi mpya kandokando ya mto Mersey, ukiwamo uwanja wa klabu ya mpira ya Everton katika gati la Bramley-Moore, umeharibu thamani ya eneo hilo kiasi kisichorekebishika. Kabla ya hapo ni maeneo mawili tu yaliyokuwa yamewahi kufutwa: hifadhi ya choroa ya Oman mwaka 2007 na bonde la Elbe la Dresden, Ujerumani, mwaka 2009. Wapo wanaosema jiji limeuza historia yake kwa sababu ya mpira. Mimi nautetea uwanja, ingawa baadhi ya hoja za wenzangu tunaoutetea naziona nyepesi.

Kwanza tuweke sawa suala la lawama. Eneo hilo liliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu mwaka 2012, kutokana na mradi mkubwa wa Liverpool Waters uliokusudia kuotesha maghorofa marefu kando ya maji, ilhali Everton walipata kibali cha halmashauri Februari 2021. Mpira umebebeshwa mzigo wa maghorofa.

Pili, tutazame kilichofanyika pale gatini. Gati hilo, yaani bwawa la kuegesha meli lililozungushiwa kuta, kazi ya mhandisi Jesse Hartley, lilifunguliwa mwaka 1848, na kwa muda mrefu lilikuwa nyuma ya ukuta mnene ambao mkazi wa kawaida hakuwa na sababu wala ruhusa ya kuuvuka. Kabla ya kufukiwa kwa mchanga wa baharini, samaki waliokuwamo walihamishwa. Kuta za zamani zimebaki chini ya mchanga huo, upande wa magharibi umeachwa mfereji wa maji, na mnara wa mitambo ya nguvu za maji wa mwaka 1883 umekarabatiwa. Sisemi kwamba hakuna kilichopotea, kwa kuwa gati lisilo na maji si gati tena. Nasema kwamba waliojenga walijua wanajenga juu ya nini.

Linganisheni na yaliyoupata ukumbi wa muziki wa Cavern wa hapohapo Liverpool, ule wa chini ya ardhi walikopiga bendi ya The Beatles karibu mara mia tatu. Mwaka 1973 ulifungwa na jengo likabomolewa ili kupisha njia ya hewa ya reli ya chini, njia ambayo haikuchimbwa kamwe. Mwaka 1984 ukajengwa mwingine kwa kutumia baadhi ya matofali yaleyale, na leo watalii wanalipa kiingilio kuutazama. Mwaka 2015 UNESCO hiyohiyo ikalitangaza Liverpool kuwa Jiji la Muziki, hadhi ambayo bado linayo. Basi nauliza, urithi ni matofali, au ni watu kuendelea kupiga gitaa?

Hoja ya upinzani ninayoiheshimu zaidi ni ya filamu. Watengenezaji wa filamu hulifuata Liverpool kwa sababu mitaa yake ya zamani inaweza kuigiza New York au London, na kila jengo refu la vioo linalojitokeza nyuma ya picha hupunguza soko hilo. Hapo sina jibu zuri, ila kurudia kwamba uwanja uko kaskazini, mbali na mitaa inayopigwa picha zaidi.

Linalonisumbua kuliko yote ni vitabu. Maktaba Kuu ilifunguliwa upya mwaka 2013, ikiwa na ukumbi wa kusomea wa Picton wa mwaka 1879 wenye kuba na rafu zilizozunguka duara, fahari ya macho kwa kweli. Mwaka uliofuata halmashauri ikataka kufunga maktaba 11 za mitaani kwa uhaba wa fedha, na ni kelele za wakazi na waandishi zilizoizuia. Hakuna kamati ya kimataifa iliyopiga kura juu ya hilo. Hali kadhalika mtaa wa Walton, uliokuwa na Everton katika uwanja wa Goodison Park tangu 1892: wenye baa na vibanda vya vyakula walioishi kwa siku za mechi hawakutajwa katika hoja za urithi, mpaka klabu ilipoamua mwaka 2025 kuuacha uwanja huo kwa timu yake ya wanawake.

Kwa hiyo anayesema Liverpool ilikosea namwomba ajibu swali moja: kama gati lingeachwa lilivyokuwa, nyuma ya ukuta, nani angelitunza, na kwa fedha ya nani?