Kuhamisha Windows na Linux Mint kwenda SSD kubwa, inawezekana bila kuinstoo upya?

mchana_kutwa:
Wakuu habari. Laptop yangu ina Windows na Linux Mint kwenye SSD (diski ya kuhifadhia) moja ya GB 256, Mint niliipa GB 40 tu na sasa zimejaa mpaka kuapdeti kunagoma. Nimepata SSD ya TB 1 ila laptop ina sehemu ya diski moja tu. Nataka zihamie zote mbili kama zilivyo halafu nafasi inayobaki iende Mint, kazi zangu zote ziko huko. Nikikopi mafaili nikapesti kwenye diski mpya itawaka?

Bisibisi:
Haitawaka mkuu. Kuna kapatisheni (kipande cha diski kilichotengwa) kadogo ka EFI ambako ndiko laptop inasoma kwanza ukiiwasha, na ukiwa ndani ya Windows hukaoni kwenye File Explorer, halafu mafaili ya Linux yana umiliki na ruhusa zake ambazo zinapotea ukikopi hivyo. Kloni diski nzima, yaani inakiliwa yote kama ilivyo. SSD mpya iweke kwenye kasha la USB, weka Clonezilla (programu ya kukloni diski) kwenye flashi, washa laptop kwa hiyo flashi uchague diski kwenda diski. Hapo soma saizi kwa makini, ya 256 inatoa na ya TB 1 inapokea, ukigeuza umefuta kila kitu kwahiyo bakapu ya kazi zako iwe pembeni kwanza.

Kabla ya yote ingia Windows uzime Fast Startup, ile inaiacha Windows imelala nusu na patisheni yake inaonekana bado inatumika, Clonezilla inaweza kuikataa. BitLocker (ile ya Windows inayofunga diski kwa siri) kama iko on izime usubiri imalize kabisa.

mchana_kutwa:
Asante sana. Na UUID je, ile namba ya utambulisho ya kila patisheni? Nimesoma sehemu kwamba lazima niedit fstab, faili la Linux lenye orodha ya patisheni za kufungua ikiwaka.

kizibo:
Hiyo ni kwa anayetengeneza patisheni mpya halafu anahamisha mafaili kwa rsync (programu ya kukopi). Ukikloni UUID zinakuja zilezile, fstab usiiguse. Ila ndio maana diski ya zamani usiichomeke wakati unawasha mpya, mfumo utaona diski mbili zenye UUID moja na unaweza kujikuta unafanyia kazi ile ya zamani bila kujua.

Kuhusu nafasi inayobaki, itakaa mwisho wa diski, na patisheni inatanuka kwa nafasi iliyopakana nayo tu. Washa kwa flashi ya Mint ufungue GParted (programu ya kupanga patisheni), ikikwambia kuna nafasi haijatumika kwenye GPT (jedwali la patisheni za diski) bonyeza Fix. Kama baada ya Mint kuna swap (patisheni ya kusaidia RAM) au rikavari ya Windows, isogeze mwisho kwanza ndio utanue Mint. Chaji iwe imechomekwa muda wote, umeme ukikatika katikati ya kusogeza patisheni hiyo data imeenda.

mchana_kutwa:
Wakuu nimemaliza kukloni na kutanua, amri ya df -h inaonyesha Mint ina zaidi ya G 700! Ila ikiwaka inaenda Windows moja kwa moja, ile menyu ya kuchagua haiji.

Bisibisi:
Ingia BIOS kwenye mpangilio wa kubuti, tafuta iliyoandikwa ubuntu (Mint inajiandikisha kwa jina hilo) uipandishe juu. Kama haipo rudi kwenye flashi ya Mint, kuna Boot Repair kwenye menyu, iache irudishe GRUB (ndiyo inayoleta ile menyu ya kuchagua).

mchana_kutwa:
Ilikuwepo, ilikuwa chini ya Windows. Zinawaka zote mbili sasa, asanteni mno.

kizibo:
Safi. Ile ya 256 usiifute kwanza, tumia mpya wiki kadhaa uone Windows nayo inaapdeti bila shida.