Naombeni ushauri: naweza kumwondoa mjumbe wa kamati kabla ya mtihani wa mdomo?

Mpemba Barafuni
Wakuu salaam. Nipo Marekani nasoma PhD ya anthropolojia, chuo naomba nikihifadhi. Kwa wasiojua, huku huanzi tasnifu mpaka uvuke mtihani mkubwa. Unamaliza madarasa, halafu unapanga na walimu wako orodha tatu za vitabu: ya nadharia, ya eneo (mimi pwani ya Afrika Mashariki na Bahari ya Hindi) na ya mada (dini na uganga). Unapewa maswali, unaandika insha, kisha unakaa mbele ya kamati kama saa mbili wanakuhoji. Ukipita ndipo unatetea andiko la utafiti, unatafuta fedha na kwenda uwandani.

Insha nimeshakabidhi. Mdomo ni Alhamisi ijayo. Kamati wako wanne, watatu hawana neno, mmoja amenikamia. Swali langu ni moja tu: inaruhusiwa kumbadilisha mjumbe dakika hizi? Usingizi sipati, chakula hakipiti. Natanguliza shukrani.

Kahawa Chungu
Amekukamia kivipi mkuu? Weka nyama.

Mlimani wa Zamani
Kijana shukuru una tarehe. Sisi huku hakuna habari ya orodha. Unaandika proposo, unaitetea idarani, inapanda juu, inarudi na masahihisho, ukimtafuta msimamizi yuko warsha Morogoro. Mimi ya kwangu ilirudishwa kwa sababu ya ukubwa wa herufi. Ada wakati huo inatembea kama kawaida.

Baba Kairo
Mimi nilisomea London. Kule unaingia kama MPhil, mwaka wa kwanza ukiisha unapeana mpango wa utafiti na sura moja, jopo linakuhoji, ukipita unapandishwa kuwa wa PhD. Hayo mambo ya orodha tatu siyaelewi. Jomo Kenyatta alisoma chini ya Malinowski, gwiji wa anthropolojia, pale LSE (chuo cha uchumi London) miaka ya 1930, kitabu chake juu ya Wagikuyu kikatoka 1938, na sijasikia mahali aliulizwa orodha.

Dada wa Kimara
Mmeshatoka nje ya mada. Mleta uzi, umeulizwa amekukamia vipi.

Mpemba Barafuni
Hajaniomba kitu wala hajanitukana. Ni mtu mzima, aliishi Tanga na Unguja miaka mingi, Kiswahili chake kinawashinda baadhi yenu humu. Kwenye insha ya tatu kazungushia wino aya kadhaa, pembeni kaandika kwa Kiswahili: "Haya umeyatoa wapi?" Basi. Wengine hawakuona tatizo lolote.

Kahawa Chungu
Na umeyatoa wapi?

Kahawa Chungu
Mwamba kaingia mitini. Nipo pale nimekaa na bisi zangu.

Mpemba Barafuni
Sijakimbia, nilikuwa maktaba. Ni hivi. Likizo nilikwenda Pemba. Bibi yangu mdogo ni mganga, ana pepo wa rubamba, wale wa kwetu Pemba. Nikahudhuria ngoma yake, nikamwuliza mawili matatu: chano anakipangaje, ubani unawashwa saa ngapi, kwa nini pepo fulani hashuki mpaka aimbiwe kwanza na mtu fulani. Orodha yangu ya vitabu imejaa pepo wa kibuki (wa asili ya Madagaska) wa Unguja mjini na konyaki wanazotaka, rubamba wamepitiwa juu juu. Swali likaja la uganga wa pwani. Nikaona nina kitu ambacho wenzangu hawana.

Kosa silioni. Yule ni bibi yangu. Mtu kuongea na bibi yake kunahitaji kibali?

Abuu Sumayya
Acha mambo ya kibali. Ngoma za pepo ni shirki. Tubu kwanza, mtihani baadaye.

Uwandani Kwanza
Nimepita njia hiyo, ngoja nijibu. Kuongea naye hakuhitaji kibali. Kuyaandika kama utafiti kunahitaji. Bodi ya maadili ya chuo haitoi kibali cha kurudi nyuma, na ulichokusanya kabla ya kibali kwa kawaida huruhusiwi kukitumia kwenye tasnifu. Zanzibar nayo ina utaratibu wake, usidhani karatasi ya COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia inayotoa vibali vya utafiti) kutoka Dar inamaliza kazi.

Kuna mlango mdogo. Kanuni za serikali ya Marekani za utafiti juu ya watu, zilizorekebishwa, zilizoanza kutumika Januari 2019, zimeitoa historia simulizi kwenye maana ya "utafiti". Lakini kama yako ni historia simulizi au siyo, waachie bodi waamue, usijiamulie mwenyewe.

Bibi alijua unaandika?

Baba Kairo
Lakini Jomo pia aliandika uganga wa babu yake mwenyewe, na alisema wazi alikuwa anafuatana naye! Malinowski akamwandikia utangulizi. Muache kijana.

Uwandani Kwanza
Mzee, 1938 bodi za maadili hazikuwepo. Halafu umesema mwenyewe: Jomo alitaja kuwa ni babu yake. Huyu ameweka maneno ya bibi kwenye insha bila kusema ni ya nani. Narudia swali. Bibi alijua?

Mpemba Barafuni
Simu ilikuwa mfuko wa shati, inarekodi. Wangejua wangebadilika, kila aliyefika uwandani analijua hilo. Majina nimeyabadilisha, kijiji sikukitaja. Na barua ya kuomba aondolewe huyo mjumbe nimeshaituma kwa mwenyekiti wa kamati jana, kwa hiyo msinishauri nisiitume.

Dada wa Kimara
Sasa hapa umekuja kuomba ushauri wa nini?

Mama Wete
Weye mtoto hujambo! Watu kilingeni waingia kwa adabu zao, weye waingia na simu yawasikiliza. Mle mna wake za watu, mna wakwe za watu, mtu akishapandwa hajui alosema. Hebu nambie, bibi yako ni wa shehia gani?

Mpemba Barafuni
Shikamoo mama. Shehia sitaji.

Mama Wete
Marahaba. Usitaje, ntajua tu.

Fundi Bodi
Wakuu, hii chai. Nimepitia nyuzi zake za nyuma. Machi alikuwa anauza Toyota Noah Mbagala, "imetunzwa, mazungumzo yapo". Leo yuko kwenye barafu anahojiwa na Wazungu kuhusu pepo.

Kahawa Chungu
Chai ya tangawizi kabisa. Nimemaliza bisi bure.

Mpemba Barafuni
Akaunti tunatumia wawili na kaka yangu. Noah ni yake.

Fundi Bodi
Labda kaka ndiye yuko Marekani, wewe uko Mbagala.

Uwandani Kwanza
Tumpime basi. Wazande wa Sudan, wale wa kitabu cha uchawi cha mwanaanthropolojia Evans-Pritchard. Ghala limeangukia watu, mchwa wamekula nguzo, na kila mtu anajua ni mchwa. Uchawi unatafuta nini hapo?

Mpemba Barafuni
Mchwa wanaeleza kwa nini ghala limeanguka. Hawaelezi kwa nini limeanguka saa ileile watu wale wamekaa chini yake wakikimbia jua. Uchawi unajibu kwa nini wao, na kwa nini saa ile. Ndiyo maana ukimtajia Mzande habari ya mchwa habishi, anakubali zote mbili.

Uwandani Kwanza
Huyu anasoma kweli. La pili: Evans-Pritchard aliingia kwa Wazande kwa ruhusa ya nani?

Mpemba Barafuni
Serikali ya kikoloni ya Sudan. Na fedha pia. Najua unakonipeleka.

Uwandani Kwanza
Ndiko atakakokupeleka yule mzee Alhamisi. Zile aya zitoe mwenyewe kabla hujaulizwa.

Mlimani wa Zamani
Au useme printa ilikosea. Mimi ilinisaidia.

Mpemba Barafuni
Mwenyekiti amejibu. Mjumbe habadilishwi baada ya insha kusomwa. Na barua yangu amemtumia nakala yeye mwenyewe yule mjumbe.

Kahawa Chungu
Uwiii. Narudi na bisi nyingine.

Fundi Bodi
Pole mkuu. Ile Noah bado ipo?

Mpemba Barafuni
Habari, hapa ni kaka mtu. Noah ipo, njoo Mbagala Rangi Tatu uione. Halafu mwenye mawasiliano na mdogo wangu amwambie awashe simu, bibi anampigia tangu asubuhi, kuna mama wa Wete kamfikia nyumbani. Gari haina ajali.