Kwa nini riwaya ya familia imenikosesha usingizi kuliko riwaya ya mauaji?

MzaniWaKahawa, Mbale

Habari zenu wapenzi wa vitabu. Mimi ni karani wa kupima kahawa hapa Mbale, na kila msimu wa mavuno unapokwisha na magunia yakapungua ghalani, hupata wiki kadhaa za kusoma kwa utulivu. Safari hii nimesoma riwaya mbili, moja baada ya nyingine, nazo zimeniachia swali ambalo nimeligeuzageuza peke yangu bila kupata jibu.

Ya kwanza ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 kabla ya kuchapishwa mwaka 1960. Bwana Ali ameuawa, mwili wake umekutwa penye mzimu, na mpelelezi Bwana Msa anaingia na kiko chake mdomoni, akiuliza maswali ambayo mwanzoni huoni yanaelekea wapi. Niliipenda sana. Nilipenda hasa namna wanakijiji walivyokwisha kuamua kwamba hiyo ni kazi ya mzimu, huku mtu mmoja tu akikataa kuliacha jambo mikononi mwa mashetani mpaka awe amewaangalia vizuri binadamu.

Ya pili ni Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ambamo Kongowea Mswahili anasimulia mwenyewe jinsi alivyompoteza mama yake, mwimbaji wa taarab kule Tanga, akateseka katika nyumba ya Mzee Kazumari, kisha akashika njia kumtafuta baba asiyemjua hadi Kitale. Kitale naijua, kwa kuwa iko upande wa pili wa Mlima Elgon huu tunaoutazama kila siku, na nimewahi kuvuka mpaka wa Suam kwenda kuhani msiba wa jamaa huko. Labda ujirani huo ulichangia, lakini sidhani kama ndiyo sababu yote.

Usiku wa pili wa kuisoma, umeme ulikatika. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba nisingeweza kumsikia mtu aliye chumba cha pili. Nikawasha taa ya sola, nayo ilikuwa na chaji kidogo, ikawa inafifia taratibu nami nainamia kitabu zaidi na zaidi mpaka paji la uso likakaribia kugusa karatasi. Ilipozimika kabisa nikachukua simu, nikaendelea kwa mwanga wake. Bwana Ali niliweza kumwacha penye mzimu wake hadi asubuhi, lakini Kongowea sikuweza kumwacha barabarani.

Swali langu basi ni hili. Riwaya ya upelelezi imeandikwa makusudi ili nisiweze kuifunga, na riwaya ya familia haikuniahidi taharuki yoyote. Imekuwaje ya pili ndiyo iliyonishika? Naomba tu anayejibu asifichue mwisho wa kitabu chochote, kwa sababu wapo wenzetu ambao hawajavisoma.

MwalimuMstaafuMtarajiwa, Arua

Dada wa Mbale, ahsante kwa swali lililoulizwa kwa makini. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na jambo hili nimelikuta darasani mara nyingi kuliko nilivyolikuta katika vitabu vya nadharia.

Tuangalie kwanza swali ambalo kila riwaya inamwachia msomaji. Katika riwaya ya mauaji, jambo kubwa limekwisha kutendeka kabla hatujakaa vizuri kwenye kiti. Marehemu hawezi kufa mara ya pili, kwa hiyo swali linaelekea nyuma: nani alifanya, na alifanyaje? Hilo ni swali la akili. Linaweza kulala mezani usiku kucha, na asubuhi utalikuta palepale ulipoliacha. Katika riwaya ya mtoto anayemtafuta baba, swali linaelekea mbele: atapokewa au atafukuzwa mlangoni? Hilo halilali, kwa kuwa kila ukurasa unaougeuza unamsogeza mtoto hatua moja karibu na mlango ambao unaweza kufungwa mbele ya uso wake.

Kuna jambo jingine ambalo huenda lilikupita. Kwa kuwa Kongowea ndiye msimulizi, ulijua tangu sura ya kwanza kwamba hakufia njiani. Mtu aliyekufa angepata wapi kinywa cha kutusimulia? Hata hivyo uliogopa. Maana yake ni kwamba hofu yako haikuwa ya kifo. Ulikuwa unaogopa asije akafika halafu akakosa kuitwa mwana. Wengi wetu tumewahi kusimama mbele ya mlango wa ndugu tukiwa na mfuko mmoja mkononi, tukisikiliza nyayo zinazokuja kufungua, na ndiyo maana mwandishi hahitaji bunduki ili atukaushe koo.

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lipitishe mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, wanafunzi wangu wameongezeka, ila riwaya zimebaki adimu. Ninayo nakala moja kwa darasa zima. Kwa hiyo huwasomea kwa sauti. Niligundua kwamba nikikatiza sura mahali mtu anapokaribia kuuawa, wanapiga kelele kisha wanakimbilia chakula. Nikikatiza mahali mama ameshika barua ya mwanawe na hajaifungua, wanabaki. Kengele ya chakula inalia, maharage yanapoa, nao wanabaki wakinitazama mkono ulioshika kitabu. Sijui mtihani gani wa taharuki unaoweza kuupita huo.

MamaMitumba, Busia

Nimewasoma wote wawili, na kwa heshima yote Mwalimu, naona mmeionea riwaya ya upelelezi. Kusema kwamba swali lake ni la akili tu ni kumnyima mwandishi haki yake, kwani anayesoma kwa haraka ili ajue mbivu na mbichi ameila ganda akaacha tunda.

Nitawaeleza lililonipata. Nauza nguo za mitumba hapa mpakani, na siku moja, miongoni mwa vitabu vilivyotumika vilivyokuwa vimetandazwa juu ya turubai jirani na kibanda changu, nilinunua riwaya moja ya upelelezi ambayo sitaitaja, nisije nikamfanyia mwingine nililofanyiwa mimi. Nilipofika ukurasa wa kumi na kitu, nikakuta msomaji aliyenitangulia ameandika kwa wino mwekundu, pembeni ya jina la mhusika mmoja: NDIYE HUYU. Nilikasirika mpaka mikono ikanitetemeka. Nilikifunga kitabu, nikakitupa chini ya meza kwenye marobota, kikakaa huko siku nne.

Siku ya tano biashara ilidorora kwa sababu ya mvua, nikakitoa, nikasema nisome tu ili fedha yangu isiende bure. Ndipo nilipouona ufundi wenyewe. Yule muuaji alikuwa anawakaribisha waombolezaji, anamimina chai, anawapokea wageni mizigo, na kila alilolisema lilikuwa na maana mbili. Mahali fulani aliitaja rangi ya khanga aliyovaa marehemu, ilhali kurasa chache nyuma alikuwa amedai kwamba hakuiona maiti. Kama nisingejua, ningelipita neno hilo kama anayepita mtu asiyemjua sokoni. Nilisoma roho ikiwa mkononi kuliko ambavyo ningesoma bila kujua, maana nilikuwa nawaona watu wema wakinywa chai ya mkono ule ule.

Kwa hiyo, Dada, swali la nani amefanya linaweza kuondolewa kabisa na taharuki ikabaki. Inatokana na umbali uliopo kati ya anachokijua msomaji na asichokijua mhusika. Na umbali huo unapatikana nyumbani kama unavyopatikana penye mzimu. Soma Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotoka mwaka 2014, uone Sauna, msichana wa kazi za nyumbani, anavyoaminiwa na watoto waliopungukiwa na wazazi, na uone Umu anaporudi kutoka shuleni akakuta ndugu zake hawapo. Hapo hakuna mpelelezi wala kiko, lakini sehemu hiyo niliisoma nikiwa nimesimama.

Nina lawama moja kwa kitabu hicho, na naomba nisieleweke vibaya kwa kuwa nakipenda. Ndugu wanaopotezana wanakutana tena kwa sadfa, mmoja uwanja wa ndege. Nililia, ndiyo, lakini baadaye nikajiuliza kama machozi yale yalikuwa ya Umu au ya wote niliowahi kupotezana nao mimi ambao sikuwakuta uwanja wowote wa ndege.

MjukuuWaBombo

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mama. Sina elimu ya fasihi, ila nina bibi. Bibi yangu ni Mnubi wa hapa Bombo, Kiswahili anakizungumza tangu utotoni lakini kusoma hakujaaliwa, na macho sasa yamechoka. Jioni baada ya sala humsomea. Tumesoma riwaya za aina zote mbili mlizozitaja.

Riwaya ya upelelezi huisikiliza kama anavyosikiliza shauri la watu wa mtaa. Ananikatiza, anamtaja mshukiwa wake, na mara nyingi hapatii kwa kuwa humshuku kila mwanamume anayeongea kwa upole. Tunacheka, tunafunga kitabu, analala.

Siku Njema haikwenda hivyo. Kila tulipofika mahali Kongowea amehama kituo kimoja kwenda kingine, Bibi aliuliza swali moja: "Amekula?" Kama mwandishi alikuwa amesema, nilimjibu. Kama hakusema, nilimwambia kwamba haikuandikwa, naye akanyamaza, akashika tasbihi yake bila kuivuta. Usiku mmoja aliniamsha, nikadhani anaumwa. Alitaka kujua kama tulipomwacha yule mtoto palikuwa na mtu mzima yeyote karibu naye. Ilinibidi niwashe taa na kusoma kurasa nyingine mbili ndipo akarudi kulala.

Naona Mwalimu amesema kweli kuhusu mlango, na Mama amesema kweli kuhusu umbali, lakini kwa Bibi kuna kitu cha karibu zaidi. Bwana Ali hakumhitaji yeye. Kongowea alimhitaji, na yeye hakuwa na njia ya kumfikishia hata kikombe cha uji.

Kuhusu sadfa aliyoilalamikia Mama, nilimsomea Bibi sehemu hiyo pia, na nilitarajia aikatae. Hakuikataa. Alisema kwamba miaka ya vita watu wa hapa walitawanyika, na yeye mwenyewe alikutana na dada yake kwenye foleni ya maji katika mji ambao hakuna aliyejua kama mwenzake yupo. Wasimuliaji wa mikasa ya namna hiyo wako wengi kwa wazee wetu. Simtetei mwandishi, nasema tu kwamba inategemea nani anasikiliza.

MzaniWaKahawa, Mbale

Mmenijibu kuliko nilivyouliza, na nimesoma majibu haya mara mbili, ya Bibi wa Bombo mara tatu.

Mama wa Busia, nakubaliana nawe kwamba niliisoma Mzimu wa Watu wa Kale kwa pupa. Jana niliifungua upya, sasa nikiwa najua aliyefanya, na nikatulia kwenye mazungumzo ambayo awali niliyapita kwa macho tu. Ni kweli kwamba maneno yana uzito mwingine. Kuna mahali nilirudi nyuma kurasa sita ili nithibitishe kauli moja, na nikaikuta imeandikwa wazi kabisa, bila hila, mimi ndiye niliyekuwa sikuitazama. Nimemwonea Bwana Msa, nami nafuta kauli yangu kwamba hakunishika.

Ila kwenye sadfa bado niko upande wako. Aliyekutana na dada yake kwenye foleni ya maji alikuwa amemtafuta au amemlilia kwa miaka, na miaka hiyo ndiyo inayonifanya niamini. Riwaya inayotaka nilie furaha inapaswa kunipitisha katika miaka hiyo kwanza, ukurasa kwa ukurasa, njaa kwa njaa. Walibora alinipitisha, na ndiyo maana kila mji ambao Kongowea aliupita niliuhesabu. Ninaposoma riwaya ambayo upatanisho unafika kabla sijachoka kuungoja, huwa nawafurahia wahusika kama ninavyowafurahia maharusi wa nyumba ya mbali.

Chozi la Heri sijaisoma, na hapa Mbale nimeiulizia bila kuipata.

MamaMitumba, Busia

Mwenzangu, ninayo. Ina doa la chai kwenye jalada na kurasa zake zote zimo, nimezihesabu. Ijumaa kuna gari la abiria linalokuja huko ambalo dereva wake ni mteja wangu; nitamkabidhi kifurushi. Uniahidi tu kwamba hutaandika chochote pembeni.

MwalimuMstaafuMtarajiwa, Arua

Akishaimaliza, Mama, naomba dereva huyo apate mwenzake wa kuileta Arua. Nina darasa zima linalongoja.