Prepo ya alfajiri: inawajenga watoto wetu wa Mwanza au inawamaliza?

Mleta mada (mzazi, Buhongwa): Wakuu, salaam. Nina binti kidato cha pili, yuko bweni hapa hapa Mwanza. Taa zinazimwa saa 4:30 usiku, kengele inagongwa saa 10:30 alfajiri. Prepo (muda wa kujisomea), mchakamchaka, usafi, ndipo darasani. Saa sita za usingizi, hapo kama jirani wa kitanda cha juu hapigi soga. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walisema mwaka 2016 kwamba mwenye miaka 13 hadi 18 alale kwa muda wa saa 8 hadi 10. Binti siku hizi ananuna, anasahau, shule zikikaribia kufunguliwa analia. Nikauliza, nikajibiwa "anadeka". Hoja yangu: prepo ya alfajiri ifutwe. Karibuni, matusi hapana.

Mwalimu, Magu: Mzazi, pole kwa binti. Ila tusemezane ukweli. Matokeo yakishuka, wa kwanza kupiga simu ni nyie. Alfajiri kumetulia, kichwa ni chepesi. Sisi tulisoma hivyo hivyo kwa kibatari, tukafaulu. Mwili unazoea.

Mdau, Igoma: Mwalimu, waliofaulu ndio mnaowasikia wakisema "tulifaulu". Wengine hawakuitwa kwenye mahafali.

Muuguzi, Nyegezi: Hilo la mwili kuzoea niliache lipite? Hapana. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwalaza watu wazima kwa muda wa saa sita tu kila usiku, wiki mbili mfululizo. Umakini wao uliporomoka siku hadi siku, mwishoni wakawa kama watu waliokesha. Na wenyewe walijiona hawana usingizi sana! Kilichozoea ni hisia tu, ubongo ulikuwa bado unadai. Hao ni watu wazima. Kijana akibalehe, melatonini, ile homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku, inachelewa kutoka. Kumlaza mapema hakusaidii sana, kumwamsha mapema kunamwibia. Na anayosoma mchana yanajipanga kichwani akiwa amelala, kwa hiyo prepo inakula kilekile inachotafuta. Usingizi mbovu na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) vinavutana, kila kimoja kinakikuza kingine. Si kila mtoto anayelia ana sonona, lakini "anadeka" si uchunguzi.

Halafu kuna jambo la huku kwetu. Nchi nzima tunafuata saa ileile, ila jua la Mwanza linachelewa kulinganisha na Dar kwa wastani kama dakika 25, maana tuko magharibi. Kengele ya 10:30 hapa ni kama ya saa 10:05 kwa mtoto wa Dar. Jua lenyewe linachomoza kati ya 12:30 na saa moja. Saa mbili nzima mtoto yuko gizani chini ya taa, anakodolea daftari la Fizikia.

Mchakamchaka ubaki, lakini. Shirika la Afya Duniani linataka vijana wachangamshe mwili dakika 60 kila siku, na mchakamchaka ni bure.

Mama dagaa, Mwaloni Kirumba: Nyie mnaongelea bweni. Wangu anasoma kutwa. Saa 10 tuko wote mwaloni tunapokea dagaa, anabeba ndoo, anaoga, anakimbilia daladala. Usiku chumba ni kimoja, baa ya jirani inapiga muziki mpaka saa saba. Mkifuta prepo mmenisaidia nini? Kwangu mimi bweni ndiyo mapumziko.

Mleta mada: Mama, umenigusa. Sina jibu la baa. Ila la shule linawezekana: prepo ya usiku iishe saa 3, taa saa 3:30, kengele saa 11:30. Hakuna senti inayotumika.

Mwalimu, Magu: Ratiba hiyo naweza kuipeleka kwa mwalimu wa taaluma. Wewe nenda kikao cha wazazi, useme hivyo mbele ya wale wanaodai tuisheni mpaka Jumapili. Uje utuambie umepata mikono mingapi.