Rilei za analaiza zinagonga usiku kucha: nihamie atenyueta ya kielektroniki?

Fundi wa Tabata
Wakuu habari. Natengeneza amplifaya za ripita za simu, 900 MHz. Kuna moja naijaribu mfululizo tangu Jumatatu kwa toni mbili. Programu niliyoandika inaiamuru analaiza (kipima mawimbi), aina ya MXA, ipime nguvu ya toni ikiwa na dB 30 za atenyuesheni, yaani kupunguza wimbi linaloingia, kisha ishuke hadi dB 10 kutafuta intamodi, yale mawimbi ya ziada yanayozaliwa toni mbili zikichanganyika. Inarudia kila sekunde 4, saa 24.

Juzi mvua ilinizuia, nikalala ofisini. Mtaa ulipotulia nikasikia tak-tak... tak-tak: rilei, yaani swichi za atenyueta ya kimakanika, zikibadilika. Nikaweka kiganja kwenye paneli ya mbele, karibu na soketi ya kuingizia mawimbi, na kila pigo nikalisikia vidoleni. Usingizi ukakata. Mashine hii bado naidaiwa. Kwenye menyu naona pia atenyueta ya kielektroniki, sijawahi kuigusa. Nikihamia huko napoteza nini?

Dada Mikrowevu
Kaka, simamisha hiyo programu kwanza. Atenyueta za nje za hatua, zile za modeli 8494 na 8496, mtengenezaji anazikadiria mizunguko milioni 5 kwa kila sehemu. Tuseme ya ndani nayo iko hapohapo. Wewe unakula 21,600 kwa siku, yaani siku 231 hivi umeimaliza. Maabara niliyoanzia kazi tuliiua moja hivyohivyo: haikufa ghafla, ilianza kutoa majibu tofauti kwa wimbi lilelile, na tulihangaika muda mrefu tukizilaumu kebo.

Ya kielektroniki haina kinachosogea, hivyo haichakai kwa kugonga na inabadilika haraka. Inakwenda hatua za dB 1, wakati ile nyingine inaruka dB 2. Ila ina mipaka: dB 24 tu, mwisho 3.6 GHz, na ukiiwasha priamplifaya (kikuza wimbi cha ndani ya analaiza) huipati. Halafu noizi ya mashine inapanda hata ukiiacha kwenye dB 0, kwa sababu njia yenyewe ina upotevu. Kwa 900 MHz inakufaa: ya kimakanika ifunge kwenye dB 10, hizo 20 nyingine zibadilishe kielektroniki.

Mzee wa Minara
Mwanangu, mimi nauliza jingine. Kwa nini ubadilishe kabisa? Intamodi unazoziona kwenye dB 10 una hakika ni za amplifaya? Washa hiyo ya kielektroniki, ongeza dB 1 moja moja, usiguse kingine. Intamodi ya amplifaya haitasogea kwenye skrini, maana mashine inaufidia yenyewe upunguzaji huo. Ile inayozaliwa ndani ya mikisa, sehemu ya analaiza inayochanganya mawimbi, itashuka dB 2 kwa kila dB 1 unayoongeza. Fanya hivyo kisha ulete namba.

Fundi wa Tabata
Mzee shikamoo, na dada asante sana. Nimetoka kupima sasa hivi. Kila toni inaingia kwenye analaiza ikiwa 0 dBm. Kwa dB 10 za kimakanika intamodi zilikuwa −56 dBc, yaani dB 56 chini ya toni. Nikaongeza 1, zikawa −58. Nikaongeza nyingine, −60. Nilisimama nikashika kiti. Zilipokaribia −66 zikaanza kusita, na baada ya hapo nimeongeza hadi jumla dB 20, hazikusogea tena. Hiyo ndiyo amplifaya yenyewe, na ni nzima. Siku nne naihukumu kwa kosa la mikisa yangu, na transista za hatua yake ya mwisho nilishaziagiza.

Basi nimeizima ya kielektroniki ili noizi irudi chini, ya kimakanika nimeifunga dB 20. Nguvu na intamodi zote zinapimwa hapohapo, programu haigusi atenyueta. Nimeweka tena kiganja kwenye paneli. Kimya, feni tu.

Mzee wa Minara
Marahaba. Oda ya transista, kama haijatoka, iwahi uifute.