Naomba ushauri: baiskeli ya lami kwa mtu wa kilo 118

Habari zenu wakuu. Nipo Arusha, nina kilo 118, na nataka baiskeli yangu ya kwanza ya mbio, niwe natoka alfajiri kuelekea Usa River na siku nyingine nipande hadi Monduli.

Nimeona moja ya mtumba kutoka Ulaya. Fremu ni ya aluminiamu, imenyooka, haina ufa. Shaka yangu ni ringi ya nyuma: ina spoki 20 tu, na nilipozibana mbilimbili kwa vidole, baadhi zimelegea. Tena fremu haipokei tairi lenye upana unaozidi milimita 25. Uzito mwingi hukaa nyuma, na kingo za lami yetu zimemeguka, kwa hiyo naona ningehitaji spoki 32 au 36, na tairi la milimita 32 ambalo si lazima lijazwe upepo mpaka liwe gumu.

Je, niinunue nibadilishe ringi, au nitafute yenye breki za diski na nafasi ya tairi pana? Wenye miili mikubwa mnaoendesha, gia zenu za mlimani zina meno mangapi nyuma? Muuzaji anataka jibu Jumamosi.